Vidonge vya Mama

Toledo, 4 Machi

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Nyonga inaendeleaje tangu upasuaji? Naona haya hata kuuliza, maana ni mimi niliyekuibia vidonge vya maumivu nikajaza vitamini kwenye chupa. Wiki nzima ulilia, nami nikikuambia, "Vumilia, Mama, dawa itashika."

Sikulaumu kwa kuwaita polisi. Kesi imehamishiwa mahakama ya askari wastaafu kama mimi. Nikitibiwa uraibu wa vidonge mwaka mzima, nikapimwa mkojo na kufika kwa jaji kila Jumanne, mashtaka yatafutwa. Wamenipa mzee wa kunishika mkono, Delbert, aliyepigana Vietnam. Nikichelewa ananiambia, "Nyie wanamaji mnajua bunduki tu, saa hamjui."

Njoo Jumanne moja, tafadhali.

Mwanao,
Garrett

2 Aprili

Garrett mwanangu,

Sijambo, natembea na mkongojo. Lakini siji. Kanisani nimesema uko Texas unachimba mafuta. Kila Jumapili Lorraine, ninayekaa naye benchi moja, ananiuliza, "Kijana anastahimili joto?" Nami najibu, "Ameungua na jua tu." Mimi niliyekuchapa utotoni kwa kusema uongo! Nikionekana mahakamani, nitaficha wapi uso?

Mama yako

19 Juni

Mama,

Hujambo? Nimekaa kimya kwa sababu nilirudia vidonge, siku ya kumbukumbu ya Ruiz, yule niliyembeba vitani Afghanistan akafia mgongoni mwangu. Jumanne nilisimama kabla ya kipimo, nikasema, "Jaji, mimi mchafu, nimemeza tena."

"Mbona unasema kabla sijakukamata?"

"Mama yangu alimeza nilichompa bila kuuliza. Nimechoka kudanganya watu wanaoniamini."

Nikapewa siku tatu za jela, na hesabu ya mwaka ianze upya. Delbert alinisubiri getini. Hakunitania.

Usije. Sistahili.

Mwanao

27 Juni

Garrett,

Nilikuwepo mahakamani Jumanne ile. Benchi la nyuma kabisa, nimefunga kitambaa kichwani kama mwizi. Nilikusikia ukinitaja, nikatoka kabla hujageuka. Mwanangu anasema kweli mbele ya watu, mimi nakimbilia kwenye gari!

Jumapili Lorraine aliponiuliza, nilimwambia, "Hayuko Texas. Aliniibia dawa, na ni mimi niliyemshtaki. Anatibiwa." Akaondoa mkono begani mwangu, akahamia benchi jingine.

Nililia, kisha nikaimba hadi mwisho wa ibada.

Jumanne nitakaa mbele, kichwa wazi. Geuka unitazame.

Mama yako