Ukuta wa Bi Zainabu

Jumanne, 8 Aprili

Swali la tangu chuoni: ninapochanganya mbinu za tiba, ninamfuata mteja, au ninafuata kile ninachotaka kukiona? Leo alikuja tena Bi Zainabu, muuza vitambaa wa Eastleigh. Anaishi Huruma, ghorofa ya tano, na binti zake wawili. Husikia ukuta wa chumbani ukilia, kwa hiyo hulala koridoni. Alipokuwa mtoto, ukuta ulimwangukia babake, akafa. Vikao vya kwanza tuliomboleza kifo hicho. Kisha tukapima kama mawazo yake yana ushahidi. Sasa ni hatua ndogondogo: kila jioni akae kando ya ukuta huo, akipumua polepole kwa tasbihi yake. Nadhani mchanganyiko huu unamfaa. Nadhani.

Ijumaa, 11 Aprili

Amelala chumbani. "Ukuta umelia, daktari, nikaupuuza." Mimi si daktari, ni mshauri nasaha, lakini nimeacha kumsahihisha. Anasema pia kwamba siku hizi mlango wa chumba hukwama. Nimeandika: anatafuta dalili za hatari. Nimefurahi.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Nimekwenda kwake, kwa ridhaa yake, tufanye zoezi pamoja. Akasogeza kabati. Ufa kutoka darini hadi sakafuni. Plasta mpya juu yake, nayo imepasuka. Vidole vyangu viliingia. Nikashindwa kuketi. Yeye akacheka.

"Vuta pumzi, daktari. Si wewe ulinifundisha?"

Nilimsihi ahame leo hii. "Juzi ulisema ni kifo cha baba. Nimepona, sasa wataka niogope tena?"

Amebaki. Ninaogopa sana.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua haijakoma. Jana niliripoti ofisi ya kaunti, wakachukua maelezo. Mwenye nyumba anasema jengo ni imara. Sili. Kila ngurumo ni jengo lile. Nimemtuliza mtu ambaye hofu yake ilikuwa ikimlinda. Labda. Mimi si mhandisi.

Jioni nimempigia simu. Sikutumia mbinu yoyote. Nimemwambia nilikosea kuutibu ukuta kabla ya kuutazama, na kwamba naogopa.

Akajibu: "Haya. Ngoja niwavishe watoto."

Jumamosi, 19 Aprili

Yuko Kariokor kwa dadake. Majirani wake wa Huruma bado wamo jengoni. Nimezungumza na wawili ngazini. Mmoja akauliza, "Tuhamie wapi, madam? Kwako?"

Jumanne, 29 Aprili

Jengo limesimama. Mkaguzi wa kaunti hajafika. Bi Zainabu anasikia ukuta wa dadake pia ukilia. Basi babake yumo katika hofu ile, na ufa nao ulikuwepo. Sijui kipi kilibeba sehemu gani ya hofu hiyo. Ambacho kingenithibitishia kwamba ufa ni hatari ni jengo kuanguka, nami naomba kila siku lisianguke.

Leo nimekwenda Kariokor. Nilisogeza vitanda, nikapapasa kuta zote kwa viganja. Nikamwambia sikuona ufa.

Sikumwambia haupo.