Sifuri za Bwana Rajabu

Jumatatu, 4 Juni 1956
Wiki ya tatu maabara ya maji. Kazi ile ile. Mpimaji huandika hesabu ya vijidudu kwa ufupi, karani wetu Bwana Rajabu huigeuza namba ya kawaida, mimi naipiga chapa, Bwana Afya anatia saini. Leo kisima cha Makorora, anakoteka maji shangazi. Mpimaji kaandika 3.20 × 10⁴. Bwana Rajabu kaandika 3,200. Si kweli. Nukta inasogea hatua nne: 32,000. Mwisho unaoruhusiwa ni 5,000. Nimeiweka karatasi chini ya rundo. Woga wangu unanichukiza.

Jumanne, 5 Juni
Nimemwonyesha. Akacheka mpaka tai ikatikisika.
"Binti, hiki kidogo cha juu ndicho idadi ya tarakimu. Nne. Tatu, mbili, sifuri, sifuri. Miaka kumi na moja nafanya hivi. Hesabu za shule ziache shule."
Miaka kumi na moja. Visima vingapi?
Tena akipenda huikata sifuri ya 3.20, abakishe 3.2. Eti haina kazi. Inayo: inasema mtu alipima mpaka hapo. Mjinga mwenye kalamu ya wino. Na chai yake nimemchemshia.

Jumatano, 6 Juni
Mtoto wa shangazi anaharisha tangu Ijumaa. Nimemwambia shangazi achemshe maji. Kaniuliza kama kuni nitaleta mimi.

Alhamisi, 7 Juni
Nimechapa 32,000. Nikapiga mstari chini ya sifuri ya kwanza, nikapeleka mwenyewe. Bwana Afya akauliza mstari wa nini. Sauti ikanitoka kama ya mbu: "Tatu, mbili na sifuri hiyo zimepimwa, bwana. Mbili za mwisho zinashika nafasi tu." Akaagiza karatasi ya mpimaji. Akahesabu hatua kwa kidole, polepole. Akatia saini. Bwana Rajabu alikuwa mlangoni, mdomo wazi kama samaki changu wa sokoni. Nilifurahi. Sijuti.

Jumamosi, 9 Juni
Kisima kimepigiliwa mbao. Bwana Rajabu haitikii tena shikamoo yangu. Haidhuru.
Mtoto leo amemaliza uji.
Maji sasa ni ya bomba la mbali, mwendo wa nusu saa. Shangazi kawalaani njia nzima watu wa afisini na namba zao, hawajui ndoo ina uzito gani. Nilimfuata nyuma, yangu kichwani.