Uso wa Asukulu unafika Kinshasa

Muji wa Baraka, Jumanne jioni

Tena Asukulu. Tangu akimbie vita na kufika Bujumbura, iko na rezo nzuri ya interneti, na shefu wetu wa Kinshasa anamuona kila siku kwenye mukutano wa video. Mi, ninayeandika naye programu ileile ya hospitali, ni sauti tu inayokatika-katika.

Hapa biro, ofisi yetu, ninarusha skrini ya ordinatera yangu kwenye televizyo, bila interneti, na benzangu banasoma kila mustari wa kodi ya programu. Kwa kazi yetu hiyo ndiyo njia bora, kosa linaonekana palepale. Kwenye video herufi zinakuwa ukungu. Lakini televizyo yangu haifiki Kinshasa.

Leo shefu alimusifu Asukulu kwa sehemu niliyoandika mi, Neema.

"Hapana, shefu, ile ni ya Neema," Asukulu akasema.

Shefu akacheka: "Uko munyenyekevu sana!"

Nilitaka kulia. Jana risasi zililia upande wa Mboko, kwenye barabara ya kutoka hapa. Barabara ikifungwa, mi nitasahaulika huku, na yeye atapanda cheo.

Mukutano ulipoisha, Asukulu alibaki. "Dada Neema, geuza kamera kwenye dirisha. Nimuone mama."

Mama yake anaanika ndakala, samaki wadogo wa ziwa, ngambo ya barabara. Nikageuza, na kwa bahati rezo ikashika. 

"Mama amekonda," akasema.

Mi ninamusalimia kila asubuhi, na sikuwa nimeona. Hilo pia nikamuonea wivu.