Kitambaa Juu ya Mashine

Mtoni, Jumanne, baada ya Magharibi

Mie ndiye niliyeiharibu. Mashine ile ya umeme ilikuwa inawapa joto watoto njiti yenyewe, nasi wauguzi tukapumzika na kazi ya kubadili chupa za maji moto kila saa. Kwa furaha nikaifunika kwa kitambaa nilichofuma, kama redio ya nyumbani, kumbe nimeziba matundu yake ya hewa. Ikaungua ndani kwa ndani.

"Mama Zuhura, umeivisha mtandio, inakwenda harusini?" mganga wa wodi aliniuliza, bila kucheka. Vipuri vinatoka ng'ambo, na fedha za kigeni hakuna.

Leo Zuhura wangu kajifungua mtoto wa miezi saba. Nimemzungushia mjukuu wangu chupa, zinapoa kabla sijamaliza sala.

Kitambaa kile nimekifumua, nimfumie kofia. Ya Rabi, sina kingine.