Sauti ya Mama na Zile Herufi Tatu

Goma, Katindo
Tarehe 18 Desemba 2022

Mpendwa mdogo wangu Paulin,

Nakusalimu katika jina la Yesu na Maria, wewe pamoja na Victoire na mtoto wetu Prodige. Habari za Lubumbashi? Ule mgongo wako umepoa, ama bado unajifanya kijana na kubeba magunia ya unga peke yako? Victoire amepona ile homa? Mimi yaya wako, dada yako mkubwa, mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Ni nyumba tu inayoumwa, kwa sababu haina watu.

Sikufichi, Paulin, upweke unanimaliza. Charline wangu yuko Butembo kwenye masomo na Noeli hii hatakuja, barabara ya Rutshuru imefungwa na nauli ya ndege hatuna. Majirani wa upande wa juu walihama walipoanza kusikia mizinga. Jioni napika bugali, na mkono wangu bado unapima unga wa watu wengi. Nakula kidogo, nyingine nampelekea mama mmoja wa Kibumba aliyekimbilia Munigi na watoto wake. Wanalala juu ya mawe ya volkano, na mvua hii!

Kuhusu mazishi ya mama, sina jipya la kukuambia. Majirani wa Kiwanja walimzika vizuri, padri alikuwepo, waliimba. Sisi watoto wake wawili tu ndio hatukuwepo. Bado inaniuma, na najua hata wewe inakuuma.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Uliniomba kwenye simu nikutumie sauti ya mama, ile niliyoinasa mwaka jana volkano ya Nyiragongo ilipotapika, nikakimbilia kwake Kiwanja na mashini yangu, hii kompyuta, mgongoni kama mtoto. Sauti hiyo haiko mahali pengine popote, ilikuwa kwenye flashi yangu tu. Na ilibaki kidogo ipotee.

Ilianza hivi. Nilipeleka flashi mahali wanapochapisha karatasi, nitoe picha ya mama kwa ajili ya misa ya kumwombea. Kurudi nyumbani, nafungua, kila kitu kimeota kakishale kadogo na kuitwa *raccourci*, yaani njia ya mkato. Nabofya pale nilipoandika "Mama Kiwanja", hakuna. Nabofya tena, hakuna. Eh Mungu wangu! Nilihisi kama mama anakufa mara ya pili, na tena mikononi mwangu.

Siku hiyohiyo nilikuwa nimewasha internet ili nikutumie. Ghafla mashini ikaanza kuhema, feni inalia, kila kitu kinakwenda kwa kujikokota. Nikafungua ile orodha ya kazi za mashini, kama Charline alivyonifundisha. Juu kabisa naona: MRT.

Wewe mtu wa Lubumbashi ukiona herufi tatu unafikiri ni jina la kampuni. Sisi hapa tumepitia waasi wa RCD, tukapitia CNDP, na M23 ndiyo hii iko barabarani. Mtu wa Goma akiona herufi tatu asizozijua anatafuta viatu vyake. Nikasema, kumbe ni hawa! Wamefunga barabara nisimzike mama, sasa wameingia hadi ndani ya mashini kumteka. Nikabofya *Fin de tâche*, yaani maliza kazi, kwa hasira, MRT ikafa. Haki ya Mungu nilijiona jenerali, mimi mwalimu wa pensheni na kitenge changu.

Lakini mama hakurudi. Nikabeba flashi na mashini hadi kwa Zihindula, yule anayetengeneza simu pale kwenye kona. Akatazama kidogo tu. "Mama Charline, hii imeoza. Tufute yote, itakuwa mupya." Nikamuuliza, na sauti ya mama yangu? Akasema, "Ile imesha kwenda, mama. Mutu halilie flashi." Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nikamnyang'anya flashi mkononi. Mtu mzima mimi, mbele ya wateja! Haraka haraka haina baraka, nilimwambia, na nikaondoka.

Nikampigia Charline. Nikamweleza habari ya waasi wa MRT. Weee! Mtoto alicheka hadi akakohoa. "Mama, MRT haiko waasi! Ni ya mashini yenyewe, ni yenye kusafisha!" Nilikasirika kidogo, lakini kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu msiba, nikamwacha acheke.

Alinieleza nikaelewa, na wewe elewa pia. Hiyo MRT ni kama salongo, ile kazi ya watu wote ya kusafisha mtaa. Kila mwezi inakuja pamoja na yale mapya ambayo mashini inaletewa kwenye internet, inapita kufagia uchafu inaoujua, kisha inakwenda zake. Ikifagia, mashini inachoka, ni kawaida, iache imalize. Lakini salongo hailindi mlango. Mlinzi wa mlango ni mwingine, ile antivirusi, naye asizimwe hata siku moja. Na salongo hairudishi kilichofichwa, inaondoa uchafu tu.

Kwanza Charline aliniambia nihakikishe ni yenyewe, kwa sababu wezi wanapenda kuvaa jina la mtu mwema. Nikabofya upande wa kulia, nikauliza inakaa wapi, nikaikuta ndani ya System32, nyumbani kwake. Kisha nikashika kile kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika mrt, nikachagua *analyse complète*, yaani ipime kila kitu, flashi ikiwa imechomekwa.

Ilifagia mchana mzima. Nilikaa pembeni na kikombe cha chai, feni inanguruma, na usinicheke Paulin, nilijisikia kama nimepata mgeni. Iliponyamaza niliona huzuni. Iliandika kwamba imekuta virusi na imeviondoa. Nafungua flashi, mama bado hayupo. Nililia sana. Ndipo Charline akanielekeza niiambie mashini ionyeshe vitu vilivyofichwa. Vikatokea, vimepauka kama nguo za zamani, na "Mama Kiwanja" katikati yao. Alikuwa humohumo siku zote! Zihindula angemfuta.

Sauti nimeiweka sasa kwenye mashini pia. Flashi anakuletea Papa Nsanzimana, tuliyefundisha naye, yeye ndiye mwenye kuleta na barua hii. Usiitie kwenye mashini za watu. Antivirusi yako iipime kwanza kabla hujaifungua, na ukiona kakishale usibofye. Mtu akikupa MRT ya kwake kwenye flashi, kataa, uliyo nayo inatosha.

Nisalimie sana Victoire, mwambie kitenge alichonitumia ndicho nilichovaa kwenye misa. Prodige nambusu kwenye paji la uso. Shangazi Kahindo wa Beni anawasalimu, alipiga simu Jumapili. Mungu awafungulie milango, na sisi atufungulie barabara. Bonane, mwaka mpya wenye amani.

Neno moja tu, nalisema ili usije ukasikiliza ukiwa umesimama. Unakumbuka mama alivyokuwa hamwachi mtu bila chakula chake, hata aliye safarini? Kwenye ile sauti tunakula, vijiko vinasikika. Mama anauliza, "Paulin amesha kula?" Namjibu, "Paulin haiko huku, mama, iko Lubumbashi." Anaweka kijiko chini, halafu anasema, "Basi mumuwekee yake."

Nimekuwekea, mdogo wangu. Pokea.

Ni mimi yaya wako, nisiyechoka kukupenda,
Louise