Gari Jekundu la Kalengera

Goma, Ndosho, tarehe 14 mwezi wa sita

Kwako Papa Sikuli, baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mikono miwili, mimi mtoto wako Olive. Naomba barua hii ikukute umekaa mlangoni pa atelye yako ya kutengenezea magari, mguu ule umepata nafuu, na Mama yuko nyuma yako anakugombeza kwa sababu umekataa dawa tena. Sisi huku ni wazima wa mwili. Barua itazungukia Uganda kufika Butembo, kama watu wote wanavyozunguka siku hizi barabara ilivyofungwa, kwa hiyo usishangae ikifika imekunjamana. Ningeweza kupiga simu. Lakini kuna maneno ambayo mdomo wangu umeyakataa, na mkono ndio umekubali.

Kwanza nikupe habari za mkwe wako, kwa kuwa humjui ila kwa picha. Papa, nimepata mume. Kila asubuhi anaamka kabla yangu, anawasha makaa, ananiletea chai kitandani kana kwamba nimezaa. Jirani yetu Patricia alimuuliza juu ya ukuta wa mawe kama nimemlisha dawa. Aubin akamjibu kwamba ndiyo, na kama Patricia anajua inakouzwa amletee nyingine, maana hii ya kwanza isije ikaisha. Akiniita jina langu nasikia kama ni jina jipya, kana kwamba ninyi mlinipa herufi tu na yeye ndiye aliyelisoma. Nisamehe nikikuandikia hivyo wewe baba yangu. Miezi mitatu ya ndoa haijanifundisha kunyamaza.

Sasa, habari ya gari. Aubin aliliona Kalengera, alipoenda kutengeneza jenereta ya mkulima wa kahawa. Lilikuwa ghalani nyuma ya magunia: gari dogo la Waingereza, jekundu, la viti viwili, lisilo na paa, usukani upande wa kuume kwa sababu liliingia zamani kutoka Uganda kupitia Bunagana. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Kutu ilikuwa imekula mlango hata ukaweza kupitisha kidole. Mume wangu, ambaye hakuwahi kufufua gari hata moja maishani mwake, alirudi nyumbani akashindwa kula. Alinichorea hewani umbo la taa zake kwa mikono. Niliona wivu kidogo, kisha nikakumbuka dada zake wa Masisi waliniambia kwamba alinichora vivyo hivyo siku aliponiona mara ya kwanza. Aliponiuliza kama naona vibaya tukilichukua, nilisema hapana kabla hajamaliza swali. Wiki iliyofuata aliacha pikipiki yake Kalengera kama malipo, akarudi na gari juu ya lori.

Watu walijaa uani. Mmoja alisema ni chukudu ya wazungu, na afadhali yetu ya mbao ya kusukuma inabeba viazi, mwingine akauliza kama tumepimiwa kwa kilo. Patricia alitaka kujua watoto tutawaweka wapi. Aubin aliwajibu wote bila kukasirika, akiwa bado ameshika bati kama mtu anayeshika mgongo wa ng'ombe wake.

Nia yake ilikuwa moja, Papa, na ilikuwa juu yako. Alisema mkwe hajawa mkwe mpaka amrudishe binti kwa baba yake amsalimu, na yeye alioa akiwa hajavuka kizingiti chako. Siku barabara itakapofunguka angenileta Butembo katika gari hilo, nimefunga kitambaa kichwani. Kisha mimi ningeshuka, wewe ungekaa kwenye kiti changu, na mngezunguka mji ninyi wawili mpaka watu wa Butembo watosheke. Alisema hivyo kila siku akisugua kutu. Wakati mwingine nilisimama mlangoni kumsikiliza tu.

Kazi ya mabati tulimpa Papa Kataliko. Wewe unamjua kuliko mimi, kwa kuwa mlijifunza pamoja utolié, kunyoosha na kuchomelea mabati ya magari, mkiwa vijana, na ni yeye aliyekaa mahali pako siku ya ndoa yangu wakati barabara ilipokuzuia. Aliwapokea mbuzi wa mahari kwa jina lako, akawafungua midomo mmoja mmoja kutazama meno, hata wakwe wakamwambia, muzee, hatukuleta mbuzi wazee kuliko wewe. Aliliangalia gari letu vivyo hivyo. Akasema limeoza, lakini limeoza kwa adabu.

Gari hilo halina chasi kama malori mliyoyashona ninyi. Chini ya milango, kila upande, kuna boriti ya bati lililokunjwa, na kwa kuwa juu hakuna paa, boriti hizo mbili ndizo zinazobeba kila kitu. Aubin aliona kwenye simu jinsi mafundi wa Uingereza wanavyofanya. Akamweleza Papa Kataliko kwamba tunakata moja, tunachomelea mpya mahali pake, ndipo tunagusa ya pili. Mzee alikubali.

Wiki tatu zilizopita Aubin alikwenda Bunagana kupokea vipuri vilivyotoka Kampala. Aliporudi jioni, vipuri begani, alikuta boriti zote mbili zimekatwa. Gari lilikuwa limekunjika katikati juu ya mawe tuliyoliwekea, tumbo limegusa chini, milango imebanwa, sakafu imepasuka kutoka upande hadi upande. Papa Kataliko alikuwa amesimama kando yake, kofia mkononi. Aubin aliuliza nani alikata ya pili. Mzee alisema ni yeye, kwamba alisahau, kwamba alidhani ni lori. Mume wangu hakupaza sauti. Alimwomba tu akusanye vyombo vyake, na asirudi tena kwenye uwanja huu. Lakini watu walikuwepo, na unajua maneno yanavyotembea. Kufikia Jumapili, Ndosho nzima ilisema muzee Kataliko hajui tena kulia na kushoto. Wenye magari wakaanza kuyaondoa kwake, moja baada ya moja.

Aubin amelifunika gari kwa turubai. Alijaribu kuliinua kwa jeki mara mbili, bati likazidi kuchanika, akaacha. Haongei tena juu ya Butembo. Mimi nalia kila siku, naye anadhani nalilia gari. Ananiketisha, ananipangusa uso, ananiambia kosa ni lake kwa kumwachia mzee kazi ya macho ya kijana. Ananifariji, Papa, mpaka natamani anipige.

Papa Kataliko amefunga atelye yake. Alipanda gari la Uganda juzi, anakuja kumalizia uzee wake huko kwenu. Huenda atafika kabla ya barua hii. Atakuambia mikono yake imechoka. Usimwamini.

Boriti ya pili niliikata mimi.

Siku ile mzee alikata ya kushoto asubuhi. Kabla hajachomelea mpya alipigiwa simu ya msiba wa huko Sake, akaondoka kwenda kuzika, akaniambia nisiruhusu mtu kugusa kitu. Umeme ulikuwepo, na unajua si kila siku upo. Mashine ya kukata chuma ilikuwa pale chini. Nilifikiri jinsi Aubin atakavyofurahi akikuta kazi imesonga mbele, na jinsi nitakavyomwambia kwamba ni mimi, mkewe, mtoto wa Sikuli, niliyekulia katikati ya cheche. Tangu nikiwa mdogo nilikusikia ukisema bodi ni nguo tu, mwili ni chasi, vua nguo upendavyo. Aubin alipomweleza mzee habari za boriti nilikuwa napika, nikasikia nusu. Nikavaa miwani ya mzee nikakata. Nilikuwa naimba. Ilipokatika, gari lilitoa sauti ndogo kama mtu anayekaa chini amechoka, likashuka mbele ya macho yangu, polepole, na mimi nimeshika mashine.

Niliirudisha mashine mahali pake. Papa Kataliko alitangulia kufika. Alitazama gari, akatazama mikono yangu iliyojaa unga wa kutu, akavua kofia. Hapo Aubin akaingia, akauliza, na mzee akajibu. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Nilifungua mdomo, nikaona uso wa mume wangu, nikaogopa uso ule usinigeukie mimi. Nikaufunga.

Kesho yake nilimfuata kwake nikapiga magoti. Aliniinua akaniambia kwamba yeye alipokea mbuzi wangu, na mtu aliyekaa kwenye kiti cha baba hawezi kusimama mlangoni pa mkwe na kumshtaki binti. Akasema nirudi nyumbani, chakula kitaungua. Nilirudi, Papa. Nikapika. Wiki tatu nimepika.

Basi akifika, mpokee kama fundi aliye mzima. Mpeleke kwa wenye malori na uwaambie wazi kwamba ni binti yako aliyekata, wala usinifunike kwa kuwa ni mimi. Msalimu Mama kwa magoti yangu yote mawili, na dada Philomène, na watoto wake.

Bahasha siifungi. Barua zangu zote Aubin ndiye anayezipeleka kwa Mama Marie-Louise, yule muuza vitenge anayesafiri, na mume wangu hajawahi kufungua hata moja. Kesho, kabla hajaenda kazini, nitampa hii wazi, nitamwomba aketi aisome yote. Ikikufikia mkononi, ujue kwamba ameisoma mpaka mwisho, na hata hivyo ameipeleka. Isipokufikia, Papa Kataliko atakueleza yaliyobaki, ukimbana.

Nabaki binti yako,
Olive Sikuli, mke wa Aubin