Vidonge Nilivyomsagia Mama Kwenye Chai

Mshauri wangu, naandika nimejifungia stoo ya kiwanda ninakoshona, maana nyumbani mama ataniona. Mama ana saratani ya titi, anawekewa dripu ya dawa za saratani kila baada ya wiki tatu, na mimi kwa uchungu wa kumwona anavyokonda nikasoma kwenye simu kwamba melatonini, ile homoni ya usingizi, huzisaidia seli kujisafisha, zikavunja taka zao zenyewe, basi nikanunua kichupa, nikawa namsagia vidonge viwili kwenye chai ya jioni bila kumwambia yeye wala daktari, na mwanzoni alilala vizuri nikajiona nimepatia, lakini jana asubuhi aliamka amelewa usingizi, akaanguka bafuni, akaniuliza, "Mwanangu, mbona kichwa kizito hivi, ndiyo naondoka?" nikamlaza kitandani, nikakimbilia kwa muuza dawa, naye akasema hata seli ya saratani hujisafisha, na huenda kwa njia hiyo ikahimili matibabu, na tangu hapo kila nikikanyaga cherehani nawaza nimemuua mama kwa mkono wangu. Dripu ni Alhamisi. Nisemeje?

Fundi Cherehani

Fundi, vuta pumzi. Mama yako yu hai, na amekuuliza swali. Mjibu. Umekosea, tena vibaya: kumtilia mtu mzima dawa kwa siri ni kumnyang'anya mwili wake, hata ukiita mapenzi. Muuza dawa hakukudanganya, ila mengi yanayojulikana yametoka maabara na kwa wanyama. Kuna seli ambamo melatonini huongeza kujisafisha huko, kuna ambamo hukupunguza, na kwenye saratani kujisafisha kwenyewe kunaweza kusaidia au kudhuru. Kwa mama yako ni ipi? Mimi sijui, nawe hujui. Acha vidonge leo. Chukua kichupa, mpeleke hospitali apimwe kwa kule kuanguka, useme siku ulizompa na kiasi. Usisubiri Alhamisi, na usipunguze hesabu kwa aibu.

Wasomaji, maneno hayo nilimwambia kwa simu siku barua ilipofika, na ameniruhusu niyaandike. Alikwenda na mama, akasema yote mbele yake. Daktari ameahirisha dripu, na hawezi kusema kama vidonge vilidhuru. Walipofika nyumbani, mama akasema, "Ungeniuliza, ningevinywa."

Fundi bado anaogopa. Mama naye anaogopa. Sasa wanaogopa pamoja, na chai mama anajitengenezea mwenyewe.